Hewa Isiyo na Harufu

India, 18 Februari 2024

Senge mpendwa,

Chamgei. Nakusalimu wewe shangazi yangu, ng'ombe wote, na jirani yako Lenah, ambaye najua ataipindua bahasha hii mara kadhaa akiiona. Mwambie muhuri huu ni wa India kweli, si wa Kisumu.

Nilifika salama. Joto la huku halifanani na lolote ninalolijua. Nimeishi maisha yangu yote Sosiot nikivaa sweta hadi saa nne asubuhi, na sasa nalala na dirisha wazi nikijipepea kwa daftari. Chakula ni kitamu ila pilipili yake haina huruma. Tuko Wakenya wawili kwenye mafunzo haya ya mwaka mmoja. Mwenzangu anaitwa Onyancha, na utashangaa: amezaliwa Kericho, kwenye mashamba makubwa ya chai, baba yake alikuwa mchuma majani. Tukikutana jioni tunaongea habari za ugali mpaka tunahuzunika.

Ulinishika mkono uwanja wa ndege ukaniambia, "Simu si ya mtu mwenye masikio kama yangu. Niandikie, na unieleze kazi yako kwa maneno ambayo nitaweza kuyarudia kanisani." Haya basi. Karibu nasi kuna kiwanda cha chuma. Kinatoa gesi nyingi sana, ambayo zamani ilichomwa tu hewani. Sasa gesi hiyo inapitishwa kwenye mabomba hadi kwenye tangi refu lililojaa maji, na ndani ya maji mna bakteria, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Wanaila ile gesi. Wakishakula wanatoa spiriti, ile inayoweza kuendesha gari au kutengenezea plastiki, hata manukato. Wale wa kwanza kabisa walipatikana kwenye mavi ya sungura. Usicheke.

Ni kama mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, Senge. Kazi inafanywa na wadudu. Wewe unalinda kibuyu tu. Mimi sasa ni mlinzi wa kibuyu chenye urefu wa ghorofa nne.

Nitunzie sehemu yangu ya maziwa, hata kama ni ya kuota tu.

Mtoto wako,
Chepngeno


Sosiot, 24 Machi 2024

Chepngeno mwanangu,

Barua yako niliipata kwa Gibson wa duka, yeye ndiye huniletea vitu vya posta. Niliisoma nimesimama pale pale dukani. Mungu ni mwema.

Sisi tuko sawa. Mvua ya mawe ilipiga majani ya chai wiki jana, upande wa chini wote umebaki vijiti, lakini wa juu uliponea. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Lenah anakusalimia, mume wake amepata kibarua Silibwet, kwa hivyo yuko peke yake na tunapika pamoja siku nyingine. Pasta aliuliza uko wapi, nikamwambia uko India unafuga wadudu. Alicheka mpaka akatoa miwani. Nilipomweleza habari ya mavi ya sungura aliacha kucheka, akasema Mungu hakosi kazi ya kumpa kila kiumbe.

Masikio yanaendelea kuzibika. Hilo nimelizoea. Mtu akinitazama usoni akiongea polepole naelewa, na Lenah akinisemea sikioni naelewa zaidi.

Umeeleza vizuri, hata mimi mwalimu wa nasari nimeelewa. Lakini kitu kimoja hukusema. Hiyo gesi wanayokula ni ya namna gani? Moshi una aina nyingi. Wa kuni unaujua, unakutoa machozi. Huu ni upi?

Kula vizuri. Usioshe nywele jioni.

Senge wako,
Rodah


India, 12 Mei 2024

Senge mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua kidogo na kazi ilikuwa nyingi, lakini sasa niko mzima kabisa. Pole kwa majani. Huyo ndama usimpe jina kabla sijarudi.

Nimehamishiwa sehemu ya kutazama tangi lenyewe. Hawa bakteria wana tabia zao. Wanataka joto kama la mwili wa mtu, si zaidi wala pungufu. Hewa yetu sisi, ile tunayovuta, ikiingia kwenye tangi wanakufa. Fikiria hilo: kinachotupa sisi uhai ndicho kinawaua wao. Kila asubuhi nachukua maji kidogo ya tangi, naangalia kwa hadubini kama wako wachangamfu, halafu naandika ripoti. Siku wakiwa wazembe mimi pia siku yangu inaharibika. Mkubwa wetu, mama mmoja mkali lakini mwenye haki, anasema nina mkono wa kulea. Nilimwambia nimefunzwa na shangazi yangu.

Gesi wanayokula ni mchanganyiko wa vitu vingi, jina lake refu, haina haja nikuchoshe.

Onyancha anakusalimia. Yeye pia alikuwa na mafua.

Wako,
Chepngeno


Sosiot, 9 Juni 2024

Chepngeno,

Chamgei. Nyumbani ni wazima.

Juzi mhandisi mmoja, jina lake Gekara, alikuja hapa kwetu kwenye kituo cha kununua majani akiongea na wakulima. Alisema kiwanda chetu cha majani kinataka kujengewa tangi kama hilo lako. Si moshi wa chuma. Wanataka kuchukua matawi ya chai yaliyopogolewa na mabua ya mahindi, kuyachoma kwenye tanuri lenye hewa kidogo, na gesi inayotoka wawape wadudu. Alisema kuna vijana wetu wawili wanajifunza kazi hiyo India. Watu walinigeukia wote.

Lenah alikuwa ananisemea sikioni. Nikamwambia amuulize gesi hiyo inaitwaje. Mhandisi akachukua katoni, akaandika jina kwa kalamu nene, akaliinua juu ili nilione. Lenah akamuuliza, "Hii ni ile ya jiko la makaa?" Akasema, "Ndiyo, mama. Ndiyo hiyo hiyo."

Sikungoja kupimiwa majani. Nilienda nyumbani.

Nina swali moja tu, na usiniambie habari ya majina marefu. Ulijua?

Rodah


India, 7 Julai 2024

Senge mpendwa,

Nilijua. Nilijua kabla ya kuomba nafasi hii.

Najua baba na mama walikufa kwa moshi wa jiko. Hakuna aliyeniketisha chini akaniambia. Nililijua kwa vipande: kwa jinsi ulivyokuwa ukitoa jiko nje hata baridi ikiwa kali vipi, kwa jinsi watu walivyonyamaza nikiingia mahali, na siku moja shuleni msichana mmoja akaniambia bila ubaya, "Wazazi wako ndio wale wa makaa." Nilikuwa darasa la tano. Nilirudi nyumbani nikakukuta unasonga ugali, nikakutazama mgongo wako, nikashindwa kuuliza. Nikaona kama nikiuliza utavunjika.

Halafu chuoni, mwaka wa tatu, mwalimu akatufundisha kwamba kuna bakteria wanaoila gesi hiyo. Si kwamba wanaivumilia. Ndiyo chakula chao, wanakua kwayo, wanazaana. Nilitoka darasani nikaenda kukaa nyuma ya maabara. Sijui kukueleza nilichohisi. Haikuwa furaha. Ni kama mtu amekuambia kwamba mnyama aliyeua watu wako ana mahali fulani ambapo amefungwa nira na analima.

Sikukuambia kwa sababu nilijua ungenikataza, na mimi sijawahi kukukaidi. Nilitaka nisiwe na la kukaidi.

Nikasirikie, lakini niandikie.

Chepngeno


India, 1 Septemba 2024

Senge,

Chamgei. Sijapata barua. Nilimpigia Lenah simu, akasema uko mzima, unachuma majani, unaenda kanisani, na ukiulizwa juu yangu unasema "yuko kazini." Nilimwomba akupe simu, akasema ulitikisa kichwa.

Sikulazimishi. Nataka tu ujue niko hapa, na kwamba leo mvua ya huku imenyesha na nikasikia harufu ya udongo, nikadhani niko nyumbani kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

Wako siku zote,
C.


Sosiot, 22 Septemba 2024

Chepngeno mwanangu,

Nisamehe kwa kunyamaza. Kila nilipoketi kuandika, kalamu iliandika "chamgei" ikasimama. Sasa imebidi, kwa sababu kuna jambo nimefanya na sitaki ulisikie kwa mwingine. Lakini siwezi kulisema kabla ya lile la kwanza.

Ulikuwa na miaka minne. Ilikuwa Julai, mvua ya mawe ilikuwa imenyesha mchana mpaka ardhi ikawa nyeupe. Kwangu kulikuwa na ndama aliyezaliwa siku hiyo, na wewe ulikataa kabisa kumwacha. Mama yako alikuja kukuchukua, ukalia, ukashika mguu wa ndama. Akasema, "Basi mwache alale kwa senge yake." Alikufunika kwa shali yake akaenda zake. Ndivyo ulivyobaki hai. Hakuna aliyepanga.

Asubuhi niliwapelekea maziwa. Nilibisha, kimya. Wakati huo nilikuwa nasikia vizuri, na ningependa sana kukuambia kwamba nilisikia kitu. Dirisha walikuwa wameliziba kwa gunia sababu ya baridi. Nilimwita Ogoti fundi, mlango ukavunjwa. Walikuwa wamelala kama watu waliochoka na kazi. Midomo yao ilikuwa myekundu kama ya watu wenye afya. Nilimtikisa kaka yangu bega nikamwambia, "Kiptanui, amka, watu wamekuja." Nilikuwa namwonea aibu, mwanangu. Nilidhani amelala kupita kiasi mbele ya wageni.

Jiko lilikuwa pembeni, limezimika.

Daktari alisema ni makaa. Lakini watu walisema mengine. Wengine walisema sumu. Wengine walisema ni laana iliyoletwa na mama yako kutoka kwao Chebunyo. Nikaapa kwamba hakuna neno la kifo hicho litakalotajwa mbele yako, maana lingetajwa tu lingekuja na ndugu zake hao wa uongo. Nilifunga mlango kuzuia uongo, na ukweli nao ukabaki nje.

Sasa la pili. Jumamosi iliyopita kulikuwa na mkutano wa wakulima kiwandani, tuamue kama tangi lijengwe. Uwanja ulijaa. Gekara alieleza vizuri, sina ubaya naye. Halafu nikanyoosha mkono. Lenah alinivuta sketi, nikasimama hivyo hivyo.

Nikamuuliza, "Hewa hii ikitoroka kwenye bomba, mtu ataijuaje? Haina harufu. Haina rangi. Haikutoi machozi."

Akasema, "Kila mfanyakazi atavaa kifaa kifuani, mama. Hewa ikizidi kinalia."

Nikamwambia, "Mimi sisikii. Kikilia nitafanyaje?"

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, kisha akaona sikucheka. Akasema, "Kuna vingine vinatikisika na kuwaka taa. Tutaleta hivyo."

Nikamwambia, "Andika." Akaandika.

Halafu, mwanangu, nikawaambia. Wote, uwanja mzima, yale niliyokuandikia hapa juu. Gunia dirishani, bega la Kiptanui. Nikasema haikuwa sumu na haikuwa laana, ilikuwa hewa, na jina lake ni lile mhandisi aliloandika kwenye katoni. Sijui niliongea kwa sauti gani, maana sijisikii. Lenah anasema nilipiga kelele.

Nilipoketi, Drusilla wa kule mtoni akasimama akasema mtoto wake wa kwanza alikufa hivyo na wakasema ni degedege. Mzee mmoja nisiyemjua akasema ndugu zake wawili. Mkutano ukaacha kuwa wa tangi kabisa. Mwenyekiti alijaribu kuturudisha kwenye ajenda akashindwa.

Tulipopiga kura, mimi nilipiga ya hapana.

Nakuambia mwenyewe. Tangi limepita kwa kura nyingi, lakini mkono wangu ulikuwa upande wa kukataa, na Mungu aliuona. Si kwamba sikuamini kazi yako. Nilishindwa tu kuuinua mkono huu kuikaribisha hewa hiyo mlangoni kwetu. Tangu asubuhi ile ya kaka yangu nimebaki na mtu mmoja tu, nawe ndiye.

Halafu, ucheke sasa, walinichagua kwenye kamati ya usalama. Mimi niliyekataa! Mwenyekiti alisema, "Huyu ndiye hatalala."

Senge wako,
Rodah


India, 20 Oktoba 2024

Senge wangu,

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Siku ya kwanza sikwenda kazini. Onyancha alikuja kuniangalia, nikampa aisome. Alisoma, akaikunja, kisha akasema, "Huyu mama ningetaka awe mkubwa wetu hapa."

Hukunikosea na kura yako. Nami nina la kukuambia, na litakufanya uone ulikuwa na haki ya kuogopa. Yale mafua ya Aprili hayakuwa mafua. Vali moja ililegea. Kifaa changu kililia, nikatoka mbio kama tulivyofunzwa. Onyancha alikuwa amekiacha chake kwenye chaji. Alianguka ngazini. Walinzi waliovaa mitungi ya hewa walimtoa upesi, akalala hospitali na oksijeni puani, mimi nimekaa kando ya kitanda chake nikimwita jina. Aliamka. Aliniuliza kama amekosa chakula cha mchana.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaona nini. Mimi mwenyewe ndicho nilichoona, ingawa sikuwepo siku ya baba na mama.

Nilifikiria kuacha. Nilifungasha hata nguo. Kilichonirudisha si ushujaa. Ni kwamba nilitambua ninaijua hewa hii kuliko mtu yeyote pale, tangu nikiwa na miaka minne, na kama tangi litajengwa nyumbani, afadhali lilindwe na mtu anayeliogopa. Na sasa naona tutakuwa wawili.

Wamenipa nafasi ya kubaki huku kazini, mkataba wa kudumu. Nimekataa. Kiwanda chetu cha majani kimeniandikia kuniuliza kama nitasimamia tangi, nami nimekubali, kwa sharti moja: hakuna atakayevuka geti bila kifaa kifuani, awe mkurugenzi au mchuma majani. Narudi Desemba, kabla ya Krismasi.

Senge, nina ombi. Umeniambia walivyokufa. Nakushukuru, sasa naweza kukufikiria ukiwa mlangoni asubuhi ile bila kuogopa. Lakini nimegundua kwamba hilo ndilo pekee ninalolijua juu yao. Kwa sababu kifo hakikutajwa, nao hawakutajwa. Sijui mama alikuwa anapenda nini. Sijui baba alikuwa mrefu au mfupi. Niambie kitu chochote, hata kidogo, ambacho hakina jiko ndani yake.

Kongoi, asante, Senge. Kongoi kwa maziwa, kwa shali, kwa kusimama.

Chepngeno


Sosiot, 17 Novemba 2024

Chepngeno mwanangu,

Sijui kama hii itakupata kabla hujapanda ndege. Ikikukosa, utanisikia nikiyasema nyumbani, lakini nataka niyaandike nikiwa bado na ujasiri.

Kwanza, msalimie Onyancha, na umwambie kwamba siku akikanyaga Sosiot nitampiga, kisha nitampikia. Kifaa ni cha kuvaa, si cha kuchaji.

Tangi: msingi umechimbwa. Nimeenda mara nyingi, Gekara akiniona sasa anatoa kalamu kabla sijafika. Nilikataa chumba cha walinzi kiwe karibu na mabomba, kimehamishwa hadi upande unakotoka upepo. Nimekataa pia kioski cha chai walichotaka kukijenga kando ya tangi. Watu wamenuna, watanunua chai kwingine. Na kanisani akina mama tumekubaliana, nyumba kwa nyumba: jiko halilali ndani. Juzi, usiku wa baridi, Drusilla alipita kwa wakwe zake akawatolea jiko nje kwa mikono yake mwenyewe, wakamtukana, asubuhi wakamshukuru.

Umeandika kwamba umekataa kazi ya India. Sikukuomba hilo. Nimelia kidogo, ya furaha na ya hofu pamoja, sikuweza kuyatenganisha.

Sasa ombi lako.

Baba yako alikuwa mfupi. Mfupi kuliko mimi, na jambo hilo lilimuuma mpaka alipooa. Mama yako Chepngetich alitoka Chebunyo, nchi ya ng'ombe na jua, hakuwa amewahi kugusa mche wa chai. Wiki ya kwanza ya ndoa alisema hataki kuonekana bibi arusi mvivu, akachukua kikapu akaingia shambani peke yake. Alichuma kila kitu. Majani mabichi, makavu, vijiti, hata maua. Alijaza gunia mpaka likapasuka mshono, akalibeba mgongoni mpaka kituoni akijiona amemaliza kazi ya wiki nzima.

Karani akalimwaga juu ya meza mbele ya watu wote. Akashika kijiti kimoja kinene, akakiinua, akauliza, "Nani ameniletea kuni?"

Watu waliangua kicheko. Mama yako alisimama pale, mgeni, hana hata rafiki mmoja kwenye foleni. Nilikuwa nyuma nikaanza kusogea niende kumshika mkono. Lakini baba yako alinipita. Alikuwa ametoka mbio shambani na gunia lake mwenyewe, majani mazuri, kila kichomozo majani mawili na chipukizi, aliyochuma tangu alfajiri. Akalimwaga lote juu ya yale ya mkewe, akayachanganya kwa mikono miwili mpaka yakawa kitu kimoja, akamwambia karani, "Ni yangu. Mimi ndiye sijui kuchuma. Kataa yote."

Na karani akakataa yote.

Akayasukuma yakamwagika chini. Halafu mama yako akaanza kucheka. Alianza polepole, kisha akashika meza, kisha akakaa chini kabisa kwenye majani yaliyomwagika, akacheka huku machozi yanamtoka, na baba yako akakaa chini kando yake, na foleni nzima ikacheka tena, lakini safari hii pamoja nao.

Nikawatazama wakipanda kilima kurudi nyumbani. Hawakuwa na kitu, magunia matupu begani, mama yako mrefu na baba yako mfupi, wameshikana mikono mchana kweupe, jambo ambalo watu wa hapa wakati huo hawakulifanya. Wazee walisonya. Mimi nilisimama barabarani nikawaangalia mpaka wakapinda kona.

Anza na hilo. Yako mengi, na mwaka huu sina haraka.

Senge wako anayekungoja,
Rodah